Mnara Umemwacha Nani? Kufundisha Alama za Kumbukumbu za Vita Sekondari

Mwulize mwanafunzi yeyote wa Dar es Salaam Sanamu ya Askari iko wapi. Hatasita: Posta, pale Mtaa wa Samora unapokutana na Azikiwe na Maktaba. Sasa mwulize yule ni askari wa nani, alipigana na nani, na kwa nini singe ya bunduki yake inaelekea bandarini. Utasikia kila jibu. Ni mwanajeshi wetu wa JWTZ. Ni shujaa wa Majimaji. Ni wa Vita vya Kagera. Siwalaumu, maana vita tunavifundisha kwa sababu, matukio na matokeo, mtoto anakariri, anajibu mtihani, yameisha. Hakuna aliyemwambia kwamba ile shaba pale barabarani nayo ni maandishi, na kwamba kuna watu walikaa wakaamua iseme nini na inyamazie nini.

Nafundisha Historia sekondari, na ushauri wangu kwa walimu wenzangu ni huu mmoja, mengine yote yanatokana nao: kabla hujamwambia mwanafunzi mnara una maana gani, mfundishe kuuliza umemweka nani na umemwacha nani.

Anza na macho. Mimi huwapeleka pale Posta, au nikikosa usafiri nabandika picha kubwa ubaoni, kisha nawaambia wachore. Marufuku kutaja mwaka, marufuku kutaja Mjerumani au Mwingereza. Andika unachokiona tu. Mwanzo wanalalamika kwamba hawajui kuchora, lakini penseli ikishaanza kutembea wanaona vitu ambavyo wamevipita tangu utotoni: kwamba askari anasonga mbele, hajasimama kwa gwaride, kwamba yuko peke yake, kwamba kuna maandishi kwenye kitako cha mnara, na mengine ni ya herufi za Kiarabu. Mwanafunzi mmoja aliyesoma madrasa aliinama akaanza kuyafuata kwa kidole, halafu akainuka kwa mshangao: "Mwalimu, hiki ni Kiswahili!" Ndivyo kilivyo. Maneno yaleyale yameandikwa kwa Kiingereza, kwa Kiswahili cha herufi tunazotumia leo, na kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, ambazo watu wengi wa pwani walizisoma wakati huo. Baada ya hapo darasa zima lilikuwa limeinama pale chini, na sikuhitaji tena kumnyamazisha mtu.

Hapo ndipo unapowaletea historia. Sanamu ilizinduliwa mwaka 1927. Aliyeichonga ni Mwingereza James Alexander Stevenson, ikasubuliwa London, na kabla ya kuletwa huku ilionyeshwa kwanza kule kwao. Maneno yake yalitungwa na Rudyard Kipling, mwandishi na mshairi Mwingereza. Yanawakumbuka askari Waafrika waliopigana katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, na wapagazi, ambao wameitwa miguu na mikono ya jeshi, na wengine wote waliotumika na kufa kwa ajili ya mfalme na nchi yao. Mwisho kuna ahadi: ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako.

Wasomee ahadi hiyo mara mbili. Kisha waambie watafute jina hata moja la Mwafrika kwenye mnara huo.

Hakuna.

Ukimya unaofuata una kazi, uache ufanye kazi yake. Usiukatize kwa maelezo. Wakishaanza kuongea wenyewe, maswali wanayoyatoa ni mazuri kuliko yale niliyoandaa. "Nchi yako" ni ipi, ikiwa mfalme yuko London na vita ni ya Wazungu wawili wanaogombea ardhi ya watu? Wana gani watakumbuka jina ambalo halikuandikwa? Na kwa nini aliyepandishwa juu ni mwenye bunduki, huku mpagazi umtafute chini kwenye kitako?

Swali hili la mwisho nalitilia mkazo kuliko yote, kwa sababu vita ile hapa kwetu ilikuwa vita ya wapagazi. Reli zilikuwa chache, barabara hakuna, na ng'ombe na farasi walikufa kwa ndorobo. Kila sanduku la risasi na kila gunia la unga lilipita kichwani mwa mtu. Upande wa Waingereza peke yake, watu waliochukuliwa kubeba mizigo kwa kipindi chote cha vita walikaribia milioni moja, wengi wao wakikamatwa vijijini kwa nguvu. Hesabu rasmi ya waliokufa ni yapata 95,000, na wanahistoria wanaamini walikuwa zaidi. Hawakuuawa na risasi hasa. Waliuawa na kuhara damu, malaria, baridi ya mvua, njaa na unga usioiva. Wajerumani nao walibebesha watu wao vivyo hivyo, na kupora chakula walikopita.

Namba kama hizo mtoto anaandika kwenye daftari bila kugutuka. Kwa hiyo mimi huleta mfuko wa sembe wa kilo 25. Mzigo wa mpagazi ulikuwa karibu na uzito huo. Naomba wanaojitolea tu, wenye afya, wanauinua kwa msaada wa wenzao na kutembea nao hatua chache kuzunguka darasa. Basi. Sipendi kabisa yale maigizo ya vita ambapo wanafunzi wanashika fimbo kama bunduki na kuangukiana kwa vicheko; yanageuza kifo kuwa mchezo. Mfuko wa sembe hauigizi chochote. Ni uzito tu, na shingo inauelewa. Halafu unawauliza: sasa huo, kutoka Morogoro hadi Rufiji, kwenye matope, umekula mara moja?

Wakishaelewa hilo, wapeleke Kariakoo. Kila mmoja ana jambo lake la Kariakoo: alinunuliwa sare pale, au mama yake ana meza pale. Wachache sana wanajua kwamba baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916, eneo lile lilikuwa kambi ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, na jina la kikosi likabaki mdomoni mwa watu. Nairobi nako kuna Kariokor kwa sababu hiyohiyo. Huo nao ni mnara, tena ulijengwa na wananchi wenyewe kwa kulitaja jina kila siku bila kamati wala bajeti. Naona ni alama kubwa kuliko ile ya shaba, na huwa nawaambia hivyo waziwazi, ingawa darasani daima kuna anayebisha kwamba alama isiyojulikana maana yake si alama. Ana hoja. Waache wabishane.

Kama shule ina uwezo, pitieni na makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola yaliyoko Barabara ya Ali Hassan Mwinyi. Pale kuna mawe yenye majina, vikosi na tarehe. Wape kazi ya kusoma umri wa waliozikwa. Wengi hawajawapita sana kaka zao. Kisha ongeeni juu ya wasiokuwepo. Mwaka 2021 tume yenyewe inayotunza makaburi hayo ilitoa ripoti na kuomba radhi: ilikiri kwamba angalau watu 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Uongozi wa kikoloni wa Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1920 uliona makaburi makubwa ya wapagazi, ya Dar es Salaam yakiwemo, yaachwe yarudi kuwa pori haraka iwezekanavyo. Mwanafunzi akilijua hilo, ile ahadi ya pale Posta anaisoma kwa macho mengine.

Mjadala unaowasha darasa kuliko yote ni huu: sanamu ile ibaki au iondolewe? Kabla hawajachukua pande, waeleze kwamba mahali palepale aliwahi kusimama mtu mwingine. Wajerumani walimweka Hermann von Wissmann, gavana wao aliyezima upinzani wa pwani, yeye juu, na askari Mwafrika chini yake akimtazama. Waingereza walipoingia wakamng'oa. Akaishia Hamburg, Ujerumani, mbele ya chuo kikuu, na mwaka 1968 wanafunzi wa huko wakamwangusha, hakurudishwa tena. Vijana wangu wakisikia kwamba walioangusha ni wanafunzi, migongo inanyooka. Mwalimu, hapo usitoe hukumu. Nimesikia wakitetea sanamu kwa hoja kwamba walau yule juu sasa ni Mwafrika, na nimesikia wakisema ibaki ila iongezewe kibao chenye habari za wapagazi. Kuna waliotoa mfano wa Nairobi, ambako kwenye mnara wa Barabara ya Kenyatta ziko sanamu tatu bega kwa bega na mmoja wao ni mpagazi. Swali likabaki: kwa nini wale wa Nairobi walimpandisha, na wa kwetu wakamwacha chini?

Si lazima uwe Dar es Salaam. Aliye Songea ana makumbusho ya Majimaji na makaburi ya mashujaa 67 walionyongwa 27 Februari 1906. Aliye Iringa ana Kalenga na fuvu la Mkwawa, lililodaiwa katika mkataba wa Versailles wa 1919 na kurudishwa mwaka 1954. Aliye Kagera ana magofu ya kanisa la Kyaka na makaburi ya askari wetu Kaboya. Kwa wenzetu wa Kenya, mnara wa Mau Mau uliozinduliwa Uhuru Park mwaka 2015 ni somo zima: mwanamke anampa mpiganaji chakula, na kila mmoja ametazama upande wake, ili akikamatwa asiweze kumtaja mwenzake. Alama yenye mwanamke, yenye chakula, yenye woga. Linganisha na yule askari wa peke yake.

Kuhusu Kagera nina ombi. Vita ile ya 1978 na 1979 si historia ya mbali. Ina wajane, ina wazee wenye vyuma mwilini. Ukitoa kazi ya kuhoji wazee nyumbani, mpe mwanafunzi nafasi ya kusema kwamba babu hataki kuongea, na asikose alama kwa hilo. Binti mmoja aliniletea nishani ya babu yake imefungwa kwenye leso. Aliishika tu, akasema babu haivai wala hataki itupwe. Sikumwomba aiinue darasa lione. Alipotaka mwenyewe, aliionyesha. Tulijifunza juu ya alama siku ile kuliko kwa hotuba yoyote.

Halafu ifikie Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai. Wanafunzi wanaiona kwenye televisheni lakini hawaitazami. Wape kazi ya kuorodhesha nani anaweka nini mnarani: Rais huweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi sime, kiongozi wa mabalozi shada la maua, meya upinde na mishale, mwakilishi wa askari wastaafu shoka. Kisha uliza: kwa nini jeshi la bunduki na vifaru linawakumbuka mashujaa wake kwa mkuki? Kwa nini mgeni ndiye mwenye maua? Tarumbeta na ukimya wa dakika vimetoka wapi? Wakichimba watakuta kwamba sherehe ile imeshona vitu viwili: silaha za waliopigana kabla ya bendera, na taratibu za jeshi la Waingereza tulizozirithi. Hakuna aibu katika hilo, lakini mtoto alijue. Mwonyeshe pia Nembo ya Taifa kwenye karatasi yake ya mtihani. Mkuki na shoka vipo palepale.

Mwisho wa mada nawapa wabuni alama yao ya wapagazi, kwa sharti kwamba hairuhusiwi kuwa mtu mwenye silaha. Kundi moja lilichora kata, ile ya kitambaa kilichosokotwa cha kuweka kichwani chini ya mzigo, ichongwe kwa jiwe na kuwekwa kwenye mlango wa soko la Kariakoo, pembeni yake orodha ya vijiji walikotoka wapagazi, kwa kuwa majina yao hayapatikani. Naisahihisha kazi hiyo kwa hoja: umeacha nani, na kwa nini? Uzuri wa mchoro hauna alama.

Mambo ya safari ni machache. Nendeni Posta Jumamosi au Jumapili asubuhi na mapema, magari yakiwa machache, maana sanamu iko katikati ya barabara. Msivuke bila mwalimu mbele na mwingine nyuma. Makaburini omba ruhusa mapema, na waambie wanafunzi kabla ya kushuka garini kwamba hakuna kukaa juu ya jiwe la mtu wala kupiga picha za mapozi. Tarehe 25 Julai ikiangukia likizo, toa ile kazi ya televisheni siku ya kufunga shule na uikusanye wiki ya kwanza mkifungua, vikiwa bado vichwani mwao.