Wadudu wanaokula mbu na wanaofanana nao: kwa wanaoanza kazi ya kuchota viluwiluwi vya mbu

Chota kwa kata nyeupe ya mililita 350, jua likiwa mbele yako. Kivuli chako kikiangukia maji, viluwiluwi vitazama kabla hujavifikia. Mimina kwenye trei nyeupe, subiri dakika mbili tatu, kisha tazama mwendo kabla ya umbo.

Mdudu anayeogelea chali ni Notonectidae, mwindaji hodari wa viluwiluwi. Usimshike kwa vidole, anachoma kama nyuki, tumia kijiko. Corixidae anamfanana sana, ila huogelea kifudifudi na sehemu kubwa ya chakula chake ni mwani na mabaki. Kuchanganya hawa wawili ndiko huharibu madaftari mengi.

Kwa mbawakawa wa majini, angalia anavyokuja juu kuvuta hewa. Dytiscidae hutanguliza mkia na hupiga miguu ya nyuma kwa pamoja: andika mwindaji. Hydrophilidae hutanguliza kichwa na hupiga miguu kwa kupokezana. Huyu akikomaa hula zaidi mimea na mabaki, lakini buu lake huwinda, basi andika pia hatua ya ukuaji.

Tunutu (mdudu mchanga asiye na mabawa) mwembamba mwenye matamvua matatu mkiani, mapana kama majani, ni wa jamii ya kereng'ende, na ni mwindaji. Mikia ikiwa myembamba kama nywele, na matamvua yako ubavuni, huyo ni Ephemeroptera, hahesabiwi kuwa mwindaji.

Kazi ngumu ni mbu wanaokula mbu. Kiluwiluwi cha Lutzia tigripes huning'inia kwa mrija wa hewa ulio mkiani kama cha Culex, jamii nyingine ya mbu, ila ni kikubwa na hukamata wenzake. Ukikitia chupa moja na sampuli hai, utafika maabara na viluwiluwi pungufu, kisha utalaumu joto. Kitenge papo hapo, kila kimoja na chupa yake, kwani hulana pia.

Kwenye mashimo ya miti na matairi utakuta Toxorhynchites brevipalpis: kiluwiluwi kinene, cheusi chenye wekundu. Watu hukiua kwanza kwa sababu ya ukubwa wake, ilhali mbu wake hanyonyi damu kabisa. Mrija wa mdomo wa mbu huyo umepinda kuelekea chini, naye hula nekta.

Yule mdudu wa miguu mirefu anayegonga kuta usiku taa ikiwaka ni Tipulidae. Haumi, wala hali mbu.