Kabla hujaingia kwa Mheshimiwa na habari za kufuatiliwa mtandaoni

Wadogo zangu wa Nakuru, na nyinyi wa Kisumu mliojiunga nasi mwaka huu: naandika kwa sababu kosa la miaka yote limerudiwa, na safari hii limetupotezea mbunge aliyekuwa tayari kusikiliza ombi letu: sheria ilinde zaidi historia ya kuvinjari, yaani orodha ya tovuti ulizofungua. Nawapenda, ndiyo maana sitazunguka.

1. Jua unamlalamikia nani.

Hapa nitakaa kidogo. Vijana wetu walipata nafasi Ijumaa asubuhi. Nje ya ofisi, benchi lilikuwa limejaa akina mama wenye fomu za basari, na mheshimiwa alijua wanamngoja. Msemaji wetu akaanza na kuki, vile vifaili ambavyo tovuti huacha kwenye simu yako, akarukia kampuni za matangazo, akaingia kwa polisi na kunasa simu, akaishia Seneti ya Marekani. Mheshimiwa alikuwa na kalamu mkononi, daftari wazi. Akauliza swali moja tu: “Sasa huyu anayeniuzia bando, yeye anaona nini?”

Walitazamana. Kisha mmoja akajibu, “Kila kitu, mheshimiwa, hata meseji zako za WhatsApp.”

Msaidizi wake, kijana aliyesomea kompyuta, akainua kichwa. Si kweli, na alijua si kweli. Daftari likafungwa. Tulipewa chai, tukashukuriwa kwa kazi nzuri, tukaonyeshwa mlango. Roho iliniuma, kwa sababu lile swali ndilo tunaloliombea kila siku, na jibu lake la kweli linatisha vya kutosha bila kuongezewa chumvi.

Jibu ni hili. Ukurasa ukiwa na HTTPS, yaani kufuli la mawasiliano kati yako na tovuti, mtoa huduma wa intaneti, huyo anayekuuzia bando, haoni ulichosoma wala ulichoandika ndani yake, na meseji za WhatsApp zimefungwa kutoka simu hadi simu. Lakini kwa kawaida anaona jina la tovuti, saa uliyoingia, kiasi cha data ulichotumia, na mnara uliokuhudumia. Mwanamke wa Kaptembwo akifungua tovuti ya kliniki ya Ukimwi usiku baada ya usiku, jina la tovuti peke yake limeshamsema. Tena hapa Kenya laini husajiliwa kwa kitambulisho. Kampuni ya matangazo inahangaika kukisia wewe ni nani. Anayekuuzia bando ana jina lako na nambari yako ya kitambulisho. Kuki unaweza kuzifuta. Mtoa huduma huwezi kumfuta, maana kila unachofungua kinapitia kwake.

Likariri jibu hili. Waelezeni mama zenu nyumbani mpaka walielewe, ndipo mwende ofisini.

2. Marekani ni mfano, si sheria yetu.

Mnapenda sana kuitaja FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani. Sawa, lakini simulieni hadi mwisho. Mwaka 2016 FCC ilipitisha kanuni za kuwalazimu watoa huduma kuomba idhini ya mteja kabla ya kuuza historia yake ya kuvinjari. Machi 2017 Seneti ikazifuta kwa kura 50 kwa 48, Bunge la Wawakilishi likafuata kwa 215 kwa 205, na Aprili Trump akatia sahihi. Kanuni za mamlaka zikaondoka hivyo, ndiyo maana sisi tunataka jambo letu liandikwe ndani ya sheria yenyewe. Na mkiambiwa watoa huduma hawawezi kufuatilia wateja wao, mtajeni Verizon, kampuni ya simu ya Marekani: mwaka 2016 ilikubali kulipa faini ya dola milioni 1.35 kwa kupachika alama ya siri katika mawasiliano ya wateja wa simu, alama ambayo mteja hangeweza kuifuta kama anavyofuta kuki.

3. Nenda na kifungu.

Mbunge hapigi kura juu ya hasira zako. Ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha ya mawasiliano. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Kulinda Data ya 2019 kinakataza kutumia data ya mtu kibiashara bila idhini yake ya wazi au ruhusa ya sheria. Vizuri. Sasa fungua kifungu cha 2, kwenye maana ya data nyeti: utakuta afya, kabila, imani, ndoa, mali. Historia ya kuvinjari haimo. Ombi letu ni hilo, iongezwe hapo, na linaenea kwenye sentensi moja. Wanaosema kifungu kimoja hakina nguvu wakumbuke Huduma Namba, ule mpango wa serikali wa nambari na kadi moja ya utambulisho: Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilibatilisha utoaji wa kadi kwa sababu tathmini ya athari, yaani kupima kwanza hatari kwa data za watu, inayotakiwa na kifungu cha 31 cha sheria hiyo hiyo haikufanywa.

4. MCA, mjumbe wa bunge la kaunti, mwacheni apumue. Mawasiliano ya simu ni kazi ya serikali ya kitaifa, Jedwali la Nne la Katiba. Mwulizeni tu kuhusu wifi ya bure ya kaunti, kama ipo: nani anahifadhi kumbukumbu zake, na kwa muda gani.

5. Bunge la Taifa hukaa Jumanne hadi Alhamisi. Ijumaa tafuta miadi kupitia msaidizi, na umheshimu msaidizi. Kumvizia mbunge matangani na karatasi zako ni utovu wa adabu, na hili sitalibadilisha hata mkinuna.

6. Leta mambo ya eneobunge lake. Pale Rhonda au Nyalenda kuna jamaa anayevuta waya ploti hadi ploti na kuuza intaneti kwa mwezi. Kanuni za usajili za 2021 zinamtaka kila mtoa huduma za mawasiliano ajisajili kwa Kamishna wa Data, hata awe mdogo namna gani. Wengi wao ni vijana wenzetu wanaotafuta riziki, kwa hivyo msiende na vitisho. Nendeni mwaulize kwa upole: umejisajili? Kifaa chako kinahifadhi nini kuhusu wateja? Nani mwingine ana nenosiri? Andikeni majibu bila majina ya watu, muyalete kikao kijacho, tuyaweke kwenye ukurasa mmoja pamoja na ile sentensi ya kifungu cha 2.