Usiuze shamba la mama kabla hajalazwa kichwa kikaning'inia

Mkuu, usipokee tena simu ya huyo wakala. Umesema mama akigeukia kulia kitandani nyumba inazunguka kama dakika moja kisha inatulia, na kliniki ya nje inataka dola 9,000 imwekee seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine, zikaoteshe upya seli za sikio la ndani zinazoshika usawa wa mwili. Na shamba mshalitafutia mteja. Nimesoma mara mbili, kizunguzungu changu kikataka kurudi.

Mimi niliuza. Kiwanja cha Chanika, msingi ushasimama na tripu mbili za mchanga ziko juu. Wakala, kijana wa tai, alinionyesha video ya panya anazunguka kama pia, halafu huyo huyo anatembea kanyooka. Nikalia machozi. Mtu mzima nalilia panya!

Kufika huko nikatundikiwa dripu ya mkononi. Sikio lenyewe hawakuligusa hata kwa pamba. Nauliza hizo seli zitaijuaje njia ya sikioni, naambiwa "zina akili". Kunizidi mimi, hilo nakubali. Siku ya tatu hotelini nikageuka nichukue simu, ukuta ukaanza kukimbia.

Haya nilikuja kuyajua pesa ishaliwa. Kuku seli za sikio zikifa huotesha nyingine, hilo linajulikana tangu miaka ya 1980. Sisi uwezo huo ni kidogo mno. Mwaka 2013 watafiti wa Indiana, Marekani, waliotesha vipande vya sikio la ndani kutoka seli shina za panya, kwenye vyombo vya maabara. Maabara, mkuu, si kichwani kwa mama. Tiba ya seli shina iliyoidhinishwa kwa kizunguzungu haipo.

Nyumbani, daktari wa masikio akanikalisha kitandani, akageuza kichwa kulia, akanilaza chali kwa haraka kichwa kikining'inia ukingoni, akayatazama macho. Yakachezacheza. Kumbe vijiwe vidogo vya chokaa vimetoka mahali pake vikaingia kwenye mrija wa sikio. Akanigeuza upande wa pili, kisha ubavu, akaniinua: zoezi la Epley. Dakika 10 hazikufika. Wiki iliyofuata akarudia, kwisha. Seli zangu hazikuwahi kufa! Na yule daktari wa kwanza alinilisha sinarizini, vidonge vya kizunguzungu, miezi saba bila hata kunigusa shingo. Nikikutana naye msikitini nabadilisha safu.

Kipimo cha kitandani kwanza, ndipo mzungumze pesa. Hata ikionekana seli zimekufa kweli, kama waliochomwa sana sindano za jentamaisini, dawa ya kuua bakteria, wanachopewa ni mazoezi ya usawa, na hayauzishi shamba.

Viza uliyoulizia sijui, yangu alishughulikia wakala, na hapo pia alinipiga.

Jumatatu mpeleke. Kama ana tatizo la shingo, daktari aambiwe kabla hajamlaza. Na mbebe ndoo, mimi nilichafua viatu vya watu.