Ile milima ya Yellowstone ni ya kweli?

Ndugu, umeuliza kama milima iliyo nyuma ya nyumba ya akina Dutton, ile familia ya wafugaji kwenye tamthilia ya Yellowstone, imebandikwa kwa kompyuta. Hapana, nyumba ipo na milima ipo: ni Chief Joseph Ranch, karibu na mji wa Darby, bonde la Bitterroot, jimbo la Montana, Marekani. Ila misimu 3 ya mwanzo sehemu kubwa ilipigwa jimbo la Utah, kwa hiyo unaweza kuona tukio ukadhani ni Montana, kumbe ni Utah. Kuanzia msimu wa 4 ndipo kazi ilipohamia Montana.

Sasa mbona milima inaonekana kama imemkalia mtu mgongoni? Hiyo ni kazi ya lenzi ndefu. Kamera inasimama mbali, inavuta, na umbali kati ya mpanda farasi na mlima unaonekana kuwa mdogo. Ukitumia lenzi pana kutoka karibu, mlima huohuo unanywea.

Halafu jua. Angalia wanapokusanya ng'ombe jioni: jua liko nyuma yao, vumbi linawaka rangi ya dhahabu, uso umebaki gizani, kinachong'aa ni ukingo wa kofia tu. Jua lingekuwa nyuma ya kamera, hilo vumbi usingeliona vizuri.

Binafsi naona zile picha za droni wamezizidisha. Lakini wenzao wa tamthilia ya Longmire walituonyesha jimbo la Wyoming, kumbe walipiga New Mexico, na wengi wetu hatukushtuka!