Mac Kuukuu Isipowaka: Uliza Imekwama Mlango Gani

Juzi baada ya Isha jirani yangu, mwalimu mstaafu, alipiga hodi akiwa ameikumbatia laptopu iliyofungwa kwenye leso ya mkewe, utadhani kabeba mtoto mwenye homa. Nikamkaribisha dakani. "Ndoo uone, mwanangu," akasema, hata hakuketi. "Imekuwa kikoi."

Kweli ilikuwa kikoi. Tufaha la Apple lilitokea katikati ya kioo, mstari wa chini yake ukatambaa mpaka nusu, kisha skrini nzima ikajaa michirizi ya wima, buluu na kijivu, na mashine ikaganda papo hapo. Fundi aliyeitazama kwanza alimwambia kosa ni la mjukuu wake aliyeitia macOS mpya, yaani mfumo wa kuendeshea Mac, mashine ya zamani. Nitamrudia Mwalimu, maana kisa chake kina mtego wake.

Mimi mwenyewe si fundi. Nahariri video za harusi na za mashindano ya majahazi, na chombo changu ni MacBook Pro ya inchi 13 ya mwaka 2012, niliyoinunua mtumba Mombasa. Apple iliiacha kwenye Catalina, mfumo wa mwaka 2019. Kwa muda haikunisumbua, mpaka programu zilipoanza kunikataa moja baada ya nyingine. Kwa Chrome, toleo la 128 ndilo la mwisho kukubali Catalina. Mashine ilikuwa nzima, betri nimebadilisha, RAM nimeipandisha hadi GB 16. Kuitupa kwa ajili ya umri tu niliona dhuluma. Ndipo nikaingia kwenye OpenCore Legacy Patcher, programu ya bure ya kundi la Dortania, inayoziwezesha Mac za zamani za Intel kubeba mifumo ambayo Apple haikuzikusudia. Nilisoma maelekezo nusu, nikarukia kazi.

Laiti mtu angeniambia mapema kwamba neno "haiwaki" lina maradhi matatu ndani yake. Mac inayopepesa folda yenye alama ya kuuliza haijaona mfumo wowote wa kuwasha. Inayoonyesha duara lililokatwa mstari imeuona mfumo, ila imeukataa. Na inayofika hadi desktopu lakini kila kitu kinaburura miguu, hiyo imewaka. Kilicholala ni grafiksi, upande wa kuchora picha kwenye skrini. Watu huyachanganya yote haya, wakafuta diski na kuanza upya, na kesho yake wako palepale. Mimi nilifuta mara mbili.

Nianze na grafiksi, ndizo zilizonila usiku mwingi. Nilipomaliza kuweka Monterey, mfumo wa mwaka 2021, Mac iliwaka nikajipigia makofi peke yangu. Kisha nikashika dirisha moja kulivuta. Likanifuata kwa mikupuo, kama punda aliyebebeshwa mawe akipandishwa kichochoro. Ule mstari wa programu chini ya skrini ulikuwa kijivu kikavu badala ya kuangaza kama kioo. Video ya dakika mbili ikaenda picha moja moja, feni ikivuma. Nikajiambia ndiyo uzee huo.

Kumbe chipu ya picha ya mashine hii ni Intel HD 4000, na Apple iliziondoa draiva zake, programu ndogo zinazouwezesha mfumo kuitumia chipu, kuanzia Monterey. Mfumo ukikosa draiva hauizimi skrini. Huchora kila kitu kwa nguvu za prosesa, kwa taabu. Dawa yake: fungua OpenCore Legacy Patcher ukiwa ndani ya macOS, bonyeza Post-Install Root Patch, toa nywila, washa upya. Programu huzirudisha draiva za mfumo wa nyuma ndani ya diski ya mfumo, ndiko kutia viraka huko. Ukitaka kuhakikisha, bonyeza tufaha la juu kushoto, ingia About This Mac, tazama mstari wa Graphics. Kabla ya viraka yangu iliandika MB 7. Baada yake, MB 1536. Siku hizi mtu akiniambia Mac yake "nzito", naomba kwanza anisomee nambari hiyo.

Na ikiwa umetia viraka skrini ikabaki nyeusi, usikimbilie kufuta. Kwenye menyu ya OpenCore, ile inayotokea unapowasha, shikilia Shift huku unabonyeza Enter, Mac iwake kwa hali salama, kisha ufungue programu ileile na kubonyeza Revert Root Patches. Umerudi ulipokuwa.

Viraka hivi vina deni lakini. Kila apdeti ya macOS huvifagia vyote, kwa hiyo asubuhi yake ule ukijivu umerudi na mtu anataharuki bure. Ni kubonyeza tena. Programu ikikaa kwenye folda ya Applications huligundua hilo na kukuuliza yenyewe. Deni la pili ndilo linalouma huku kwetu: kutia viraka huvunja muhuri wa diski ya mfumo, na Mac yenye muhuri uliovunjika haipokei apdeti ndogo ndogo, hupakua mfumo mzima, GB 12 na ushei. Kwa bando la simu huo ni msiba. Zima apdeti za kujiendesha leo hii. Yangu mimi huibeba hadi Shela, kijiji cha jirani hapa Lamu, kwa rafiki mwenye nyumba ya wageni, nikaiacha inapakua tukinywa kahawa. Maji yakiwa yametoka naenda kwa miguu ufukweni, yakijaa, mashua.

Kwa tamaa nilijaribu pia Sonoma ya 2023. Ilipowaka, waifai haikuwapo kabisa, maana Apple iliziondoa draiva za kadi za zamani za waifai kwenye mfumo huo, nazo hurudi kwa viraka vilevile. Kilichoniokoa ni tundu la Ethernet, la kebo ya mtandao, ambalo laptopu za Apple za siku hizi hazina: nilichukua kebo, nikakaa sakafuni kando ya ruta ya nyumba, kwani kwa kuta zetu za matumbawe hata waifai nzima haivuki vyumba viwili. Ikafanya kazi, ila ilihema. Nikarudi Monterey. Apple iliacha kuitolea Monterey masasisho ya usalama mwaka 2024, hilo nalijua, kwa hiyo Safari siigusi, natumia Firefox iliyosasishwa, na mambo ya benki nafanyia simu.

Sasa duara lililokatwa. Hili nilijitakia. Nilimaliza kazi usiku, nikachomoa flashi iliyobeba OpenCore nikaitia mfukoni, nikalala na furaha yangu. Asubuhi duara. OpenCore ni bawabu: lazima asimame mlangoni kabla ya macOS kuingia, na bawabu wangu alikuwa mfukoni mwa kanzu. Ukishaweka mfumo, fungua programu, chagua Build and Install OpenCore, na safari hii uelekeze kwenye diski ya ndani, sehemu yake iliyofichwa iitwayo EFI. Kisha zima, washa ukiwa umeshikilia kibonye cha Option, nenda kwenye EFI Boot, na hapa pana kijambo ambacho wengi hukipita: shikilia Control. Mshale wa chini ya picha utageuka mshale wa kuzunguka. Bonyeza Enter. Tangu hapo Mac itaanzia kwa bawabu kila siku bila kuulizwa. Ukisafisha NVRAM, kumbukumbu ndogo ya ubaoni inayotunza mipangilio ya kuwasha, huenda ikasahau, ukarudia hivyohivyo, bila flashi na bila kufuta chochote.

Ile folda yenye alama ya kuuliza ilinijia baada ya miezi minane ya raha, nikiwa katikati ya harusi ya watu. Nikawasha ikaja. Nikawasha tena, ikawaka vizuri. Nikaiinua kuihamisha mezani, folda. Kwa kuwa nilishaingia dhambi ya OpenCore, lawama zote nikaitupia OpenCore. Nikaijenga upya, nikasafisha NVRAM, siku mbili zikapita bwana harusi akinipigia simu.

Mwishowe nikageuza mashine, nikafungua skrubu kumi za chini, nikaitoa SSD, yaani diski yake, nikaitia kwenye kasha la USB la nje. Nikashikilia Option, nikachagua EFI Boot. Ikawaka kama haina neno. Diski ilikuwa nzima, na mfumo pia. Kilichokufa ni ule utepe wa plastiki uliotandazwa juu ya alumini kuunganisha diski na ubao, ugonjwa unaojulikana sana kwa MacBook Pro za inchi 13 za 2012. Nilipouinua kwa ukucha niliona pahala unapokunjwa pamechakaa mpaka pakang'aa, na kwenye kiunganishi mlikuwa na ukungu wa kijani, chumvi ya kwetu hiyo. Niliagiza utepe mpya wenye nambari 821-2049-A. Kabla ya kuufunga nilibandika ukanda wa tepu ya umeme kwenye alumini usisuguane tena. Video nilikwisha kuimalizia kwenye lile kasha la nje, laptopu inaning'iniza diski kama pochi.

Kwa hiyo folda ikija na kuondoka, hasa ukiisogeza mashine, shuku utepe kabla ya kushuku programu.

Turudi kwa Mwalimu. Yake ni ya inchi 15 ya mwaka 2011, na nilipogeuza nikasoma mwaka moyo ulinidondoka. Nilishikilia Option. Pale panapotokea picha za diski, kabla macOS yoyote haijaguswa, michirizi ilikuwepo. Basi mjukuu hana kosa. Mashine hizo zina chipu mbili za picha, Intel HD 3000 na Radeon ya AMD, na ni Radeon inayokufa. Zilikufa nyingi kiasi kwamba Apple ilitangaza mpango wa kuzitengeneza mwaka 2015, uliokwisha zamani. Kuna wanaozichoma kwa hita ili ziamke. Huamka wiki kadhaa. Simshauri mtu.

Kinachowezekana ni kuifungia Radeon nje. Ipo amri ya nvram inayoandika thamani iitwayo gpu-power-prefs, ambayo huiambia mashine iwakie chipu ya Intel peke yake. Bei yake ni kwamba skrini ya nje haitafanya kazi, kwa sababu tundu lake linaendeshwa na Radeon. Na HD 3000 haijui Metal, njia ambayo macOS za karibuni huchorea karibu kila kitu, kwa hiyo nilimshusha Mwalimu hadi High Sierra, ambako ndiko Apple ilikoiachia mashine yake. Hakujali. Anaandikia tenzi tu.

Mtego niliousema ni huu: thamani hiyo inakaa ndani ya NVRAM. Ushauri wa kwanza anaopewa kila mwenye Mac inayosumbua ni kubonyeza Command, Option, P na R kusafisha NVRAM. Kwa mashine yangu ni dawa. Kwa ya Mwalimu inaifungulia Radeon mlango, na kikoi kinarudi.

Nilipowasha, mstari ukatambaa, ukafika nusu tukanyamaza wote wawili, ukapita. Mwalimu akavuta kiti. Nilikata kipande cha karatasi, nikaandika kwa kalamu nyekundu vibonye vinne visivyobonyezwa pamoja, nikakibandika chini ya laptopu. Akakisoma, akaniomba cha pili, cha mjukuu.