Dogo, ukisema mke wako hasumbui, nisikilize kwanza

Wiki iliyopita tumelala foleni Tunduma, maana hata baada ya kituo cha pamoja cha mpaka wa Tanzania na Zambia kufunguliwa 2019 foleni bado mnaijua wenyewe. Tumekaa kwenye kivuli cha tela tunasubiri makaratasi, dogo mmoja ndo kwanza ametoka utingo kapewa gari, anasifia ndoa yake. Anasema, "Waifu wangu hasumbui kabisa, natuma hela, anajibu sawa, imeisha." Wenzake wanamwambia una bahati. Chai ilinishinda, kwa sababu maneno hayohayo niliyasema mimi, na nilikuwa nayaamini.

Sasa wadogo zangu mnaoanza ruti ya Zambia na Kongo, mizani, sili na turubai mtafundishwa kazini. Haya ya nyumbani hakuna wa kuwafundisha, kila mtu anayajua akishaumia.

1. Simu ya hela sio simu ya nyumbani. Tuma hela, kata, halafu piga upya uongee na mwenzako.

2. Ukivuka Nakonde, upande wa Zambia, nunua laini siku hiyohiyo, na namba mpya apewe mke kabla ya ajenti.

3. Mke kunyamaza sio kutulia. Hapa mkae kidogo.

Mwaka 2014 nilikuwa na mzigo wa salfa, siku ya tisa foleni Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo. Usiku mke wangu akapiga, ana mimba ya miezi minne, ananiambia tumbo linakata na anaona damu. Muda huohuo foleni ikaanza kusogea, na mnajua pale ukizubaa mwenzako anakuingilia. Nikamwambia, "Sasa mimi niko huku unataka nifanye nini? Hela nimetuma juzi, nenda hospitali." Nikakata. Nikasogeza gari kama mita mia, tukasimama tena mpaka asubuhi. Mita mia tu. Asubuhi nikapiga, akasema, "Nimeshatoka, niko sawa." Sikuuliza habari ya mtoto. Sauti yake ilikuwa imeshaniambia kila kitu, ila nilijua nikiuliza itabidi nisikilize, nikakimbilia kusema haya pumzika.

Nilirudi baada ya wiki tano na vitenge vya Lubumbashi. Maji ya kuoga tayari, chakula tayari, pole na safari baba. Hakunigombeza hata kidogo, nikasema Mungu ametuvusha. Baada ya hapo, kama miaka miwili hivi, simu zetu zikawa watoto hawajambo, hela imefika, safari njema. Bati la jikoni liling'oka akaita fundi mwenyewe. Mtoto mkubwa alihamishwa shule nikajua kwa kuona sare mpya. Mama mkwe alilazwa, nikaambiwa na shemeji. Na mimi huku vijiweni natamba mke wangu hasumbui!

Mnakujua kushuka mlima Kitonga na mzigo. Ukitoa gia ukaachia frii, gari linakuwa jepesi, injini inanyamaza, mtu mgeni anaona raha. Dereva anajua hapo gari halijashikwa na kitu. Nyumba yangu ilikuwa imeachiwa frii na mimi nafurahia ukimya.

Aliyenishtua ni mama mkubwa wa mke wangu. Akaniita akaniambia, mwenzio ameshaenda kuulizia baraza la usuluhishi. Kwa ambao hamjui, Sheria ya Ndoa ya 1971 kwa kawaida inataka mpitie baraza kabla talaka haijafika mahakamani, kwa hiyo mtu akifika kuuliza hilo ujue ameshaanza kuhesabu hatua. Nilimuuliza mke wangu kama ni kweli, akasema ndiyo, huku anakunja nguo. Hakulia wala hakupandisha sauti. Niliogopa kuliko siku breki ziliponiishia Mlima Nyoka.

4. Zawadi hairudishi mtu. Nilinunua friji, akasema asante.

Nikaomba safari moja apewe mwenzangu, maileji, yaani posho ya safari, nikaikosa, nikakaa nyumbani wiki tatu. Wiki ya kwanza niliiharibu kwa ukaguzi, mbona luku inaisha haraka, mbona watoto wanalala saa hizi, wakati nyumba ile ratiba yake ilijengwa mimi sipo na ilikuwa inaenda vizuri tu. Wiki ya pili nikamkuta anachambua mchele, nikakaa nikachambua naye, na katikati pale nikamuuliza, "Ule usiku mimi niko Kasumbalesa, huku ilikuwaje?" Akaendelea kuchambua. Halafu akasema, "Leo ndo unauliza?"

Akanieleza yote. Mvua, jirani aliyemkimbiza na bajaji, nesi aliyemuuliza mumeo yuko wapi akajibu kazini. Mtoto alikuwa wa kiume. Kuna kanga alijifunga usiku ule, bado anayo, haivai. Mara tatu nilitaka kujitetea kwamba foleni ilikuwa inasogea, na mara tatu nikameza. Wadogo zangu, kumeza huko ni kugumu kuliko kupandisha tani 30 Kitonga, lakini ukifungua mdomo kujitetea atafunga wa kwake, na safari hii hataufungua tena.

Hakunisamehe siku ile. Alisema tu twende tukapike. Nikarudi barabarani nikiwa sijui nimesimama wapi, nikawa kila usiku nikipaki namrekodia sauti dakika mbili, sio nimefika salama tu, namwambia na niliyoyaogopa njiani. Majibu yalikuwa haba. Mwezi wa pili hivi niko Mpika, jana yake nilikuwa sina mtandao, simu ikaita alfajiri, yuko juu kwelikweli, "Jana ulikuwa wapi? Unanilaza macho hivi, wewe una akili kweli?" Alinifokea mpaka salio likamwishia. Nilikaa kwenye usukani nikalia kwa furaha, utingo wangu akadhani kuna msiba.

5. Siku mbili za kwanza nyumbani usikague kitu. Kula, cheza na watoto, uliza.

6. Ukifokewa, pokea simu. Usikate.

Sisi tunakaa Mlandizi, pembeni kabisa ya barabara ya Morogoro. Nikipita usiku na mzigo sisimami, trakingi inaonyesha, kwa hiyo napiga honi mbili. Ile miaka ya ukimya nilipiga, taa haikuwaka hata siku moja. Siku hizi taa ya nje inawaka, na kabla sijafika mizani ya Vigwaza simu inaita, analalamika kwamba honi yangu imemwamsha mtoto na yeye ndo kwanza alikuwa amembembeleza.

Dogo wa Tunduma, namba yangu unayo. Nipigie ukishampigia yeye.