Wenzangu Wanahama, Mimi Nimenogewa na Ukili

Marahaba, mwanangu wa Chikongola, Mtwara. Umeniandikia kwamba wewe na mashoga zako watatu mna desturi ya kukutana kila Jumamosi alasiri ili mjifunze kazi ya mikono msiyoijua, na mkiisha kuionja mnahamia nyingine: mlianza na kufuma vitambaa vya makochi, mkaingia kwenye keki, kisha mkamfuata bibi mmoja wa Mikindani awafundishe kusuka ukili, ule mshipi mrefu wa ukindu, yaani majani ya mkindu, unaounganishwa kuwa mkeka. Sasa wenzako wanataka batiki, nawe ukili umekunogea. Ulipowaambia kuwa ungependa kubaki, mmoja alikucheka kwamba umezeeka kabla ya wakati, na mwingine akasema unakivunja kikundi. Unauliza uwafuate au ubaki.

Nianze na hilo la kukivunja kikundi, kwa sababu naona ndilo lililokunyima usingizi. Katika barua yako ndefu umegusia kidogo tu mlivyovitengeneza, lakini mliyoyazungumza umeyaeleza kwa kirefu: posa ya mdogo wake mmoja wenu, maradhi ya mama wa mwingine, na kicheko kilichowasahaulisha keki mpaka ikaungua. Kinachowakutanisha ni mazungumzo, na kazi ya mikono imewapa sababu ya heshima ya kutoka nyumbani. Silisemi kwa dharau hata kidogo. Mikeka mingi ya pwani yetu imesukwa hivyo hivyo, maneno yakienda pamoja na vidole.

Kwa hiyo jambo ambalo ningependa mlipime kabla ya kuhama ni kama kazi mnayoiendea inaruhusu maneno. Ukili unaruhusu. Ukindu ukishachanwa, ukatiwa rangi na kuloweshwa kidogo ili usikatike, mikono huzoea njia yake na macho hubaki huru kumtazama anayesimulia. Batiki haina subira ya namna hiyo: nta ikipoa haipenyi kitambaani, ikipata moto kupita kiasi inaweza kuwaka, na baada yake kuna kuchovya rangi, kuanika, na kukichemsha kitambaa mpaka nta itoke. Sisemi msiijaribu. Ijaribuni mvua zikiwa zimekwisha, nje, mbali na watoto wadogo, na mjue mapema kwamba Jumamosi hizo hadithi zitapungua. Ama huyo mwenzenu anayetaka baada ya batiki mhamie kwenye uchongaji, nampenda kwa ujasiri wake, lakini mpingo ni mti mzito hata huzama majini, na mafundi wa Kimakonde wanaouchonga kwa tezo hawakuuzoea kwa kuonja.

Wewe nenda nao kwenye batiki, na ukili wako uchukue kapuni. Keti palepale wanapofanyia kazi, msaidie anayehitaji mtu wa kushika upande wa pili wa kitambaa, kisha urudi kwenye ukindu wako. Waambie wazi, kabla hawajaanza kukisia, kwamba hujachoka nao ila umepata kazi unayoipenda, na kwamba Jumamosi utaendelea kuja. Anayekuita mzee mwache acheke. Nadhani atanyamaza siku utakapotandika mkeka mpya chini yake.

Kwa bibi wa Mikindani, nenda siku nyingine, peke yako. Kusuka ni nusu tu ya kazi, na wanafunzi wengi huishia hapo. Kuunganisha ukili kwa shazia, ile sindano kubwa ya kushonea mikeka, mpaka upate mkeka kunahitaji mwalimu aliye karibu, kwa kuwa uzi ukivutwa kwa nguvu isiyo sawa mkeka hujikunja pembeni na hautandiki vizuri. Mwombe pia akufundishe kutofautisha ukindu na miyaa, majani mengine ya kusukia, kwa kugusa tu, maana miyaa ni migumu zaidi na hufaa zaidi kwa majamvi na makapu.

Umetaja kwa kupita kwamba pesa za korosho zikitoka mmepanga kuchanga mnunue oveni na vifaa vya batiki. Hapo mimi nasema hapana. Keki mmeshaziacha, oveni ya nini? Batiki hamjaianza. Azimeni sufuria kuukuu, nunueni nta na rangi za kitambaa kimoja kimoja, na kama baada ya msimu bado kuna anayeililia kazi hiyo, huyo na anunue kwa jina lake, ili siku akihama kusiwe na ugomvi wa nani alichangia nini. Isitoshe, Oktoba hadi Desemba wawili kati yenu watakuwa Newala wakiokota korosho, na vifaa vitawalalia waliobaki mjini.

Umemalizia kwa swali la aibu, kama ulivyoliita: shoga yako mmoja anataka umsukie mkeka wa harusi ya mdogo wake, na huna uso wa kumtajia bei. Mtajie. Mwambie alete kwanza pesa ya ukindu, rangi na uzi. Ya mikono yako mkubaliane kabla hujaanza, hata kama utampunguzia kwa ajili ya ushoga wenu. Na kwa kuwa hujawahi kuunganisha mkeka mzima, usikubali tarehe ya harusi yenyewe iwe ndiyo tarehe ya kukabidhi. Dai muda wa ziada, na bibi aukague kabla haujatoka mikononi mwako.